Tufani ya Aprili 1872 na Mrima wa Mkwaja

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872, mwanzoni mwa mwezi wa Safar mwaka 1289 wa Hijra, tufani kutoka Bahari ya Hindi ilikivuka kisiwa cha Unguja, ikakata mlango wa bahari unaokitenga na bara, kisha ikatua kwenye pwani ya Mrima upande wa Bagamoyo. Kwa muda usiotimia siku moja iliangusha takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja, ikavunja karibu vyombo vyote vilivyokuwa vimetia nanga bandarini, na ikaimaliza nguvu ya baharini ya Sayyid Barghash bin Said, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili ya utawala. Pemba, jirani wa kaskazini, iliguswa kidogo tu.

Mkwaja, kijiji cha wavuvi na wakulima katika wilaya ya sasa ya Pangani, iko baina ya hali hizo mbili. Mji wa Unguja uko karibu nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta, na ncha ya kusini ya Pemba iko karibu nyuzi 5.5. Mkwaja iko karibu nyuzi 5.8, kiasi cha kilomita 30 kaskazini mwa Saadani, na ukingo wake unatazamana na Nungwi ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo upande wake wa kusini ulikuwa nchi iliyoharibiwa, na upande wake wa kaskazini nchi iliyosalimika. Historia ya Mrima katika miaka ishirini iliyofuata, hasa kipande cha kutoka Saadani hadi Tanga, haieleweki vizuri bila kuangalia mpaka huo uliochorwa na upepo.

Tufani za namna hiyo ni nadra sana katika pwani hiyo, na sababu zake zinafahamika. Kimbunga cha bahari ya joto huhitaji maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Selsiasi kwenda juu, unyevu mwingi hewani, na msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia. Msukumo huo ndio unaoifanya hewa inayokimbilia mahali penye kanieneo ndogo izunguke badala ya kwenda moja kwa moja. Kwenye ikweta haupo kabisa, na hadi kufika nyuzi tano hivi kusini au kaskazini bado ni dhaifu mno. Mkwaja na Pangani ziko pembezoni kabisa mwa eneo ambalo kimbunga kinaweza kudumu. Jambo la pili ni Madagaska. Kisiwa hicho kikubwa hupokea vimbunga vingi vinavyotoka mashariki, na vinavyokipita kwa kaskazini mara nyingi hukunja njia kuelekea kusini na kuingia katika Mlango wa Msumbiji. Ili tufani ifike Unguja, yapasa izaliwe kaskazini sana, ipite juu ya ncha ya Madagaska, na iende magharibi bila kugeuka.

Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba na kwisha Aprili. Tufani ya 1872 ilikuja ukingoni mwa msimu, na kwa pwani ya Tanzania hilo si ajabu: iliyoupiga mji wa Lindi mwaka 1952 nayo ilifika tarehe 15 Aprili, na Hidaya ya mwaka 2024 ilifika Mei. Mwisho wa msimu ndio wakati ambao bahari ya kaskazini-magharibi imekwisha kupata joto la miezi mingi ya jua, huku kaskazi ikiwa imelegea na kusi ikiwa haijashika. Mabaharia wa pwani hukiita kipindi hicho tanga mbili, kwa kuwa chombo huweza kusafiri upande wowote. Upepo mkubwa wa majira, ambao kwa kawaida huvuruga mzunguko wa tufani kabla haujakomaa, huwa haupo.

Majira hayohayo ndiyo yaliyofanya hasara ya bandarini iwe kubwa mno. Biashara ya Unguja ilitegemea pepo mbili. Kati ya Disemba na Machi kaskazi iliyaleta majahazi na mabaghala ya Oman, Ghuba na Kachi, yakiwa na tende, chumvi, papa mkavu, nguo na mazulia. Kuanzia Aprili kusi iliyarudisha yakiwa na karafuu, pembe za ndovu, sandarusi, boriti, nafaka na watumwa. Katikati ya Aprili vyombo vilikuwa vingi bandarini, vingine vimekwisha pakia shehena na kungoja tu upepo ushike. Hakuna tarehe ambayo tufani ingeweza kuikuta mali nyingi zaidi ya watu wengi zaidi ikiwa imekaa juu ya maji.

Upepo ulianza kupata nguvu usiku wa kuamkia Jumatatu, ukivuma kutoka upande wa kusini pamoja na mvua nyingi. Kulipokucha ulikuwa umekwisha kuzidi dhoruba yoyote ambayo watu wa mjini waliwahi kuiona. Minyororo ya nanga ilikatika, vyombo vikagongana na kusukumwa ufukoni. Mchana kukawa kimya cha ghafla: kitovu cha tufani kilikuwa kikipita juu ya kisiwa. Utulivu wa kitovu ni hatari kwa asiyeujua, maana humfanya mtu aamini kwamba mambo yamekwisha, akatoka nje kutafuta ndugu au mali. Muda si mrefu upepo ulirudi kwa nguvu ileile kutoka upande wa kaskazini, na vilivyokuwa vimestahimili msukumo wa kwanza vikaanguka kwa msukumo wa pili. Mti ambao mizizi yake imelegezwa kwa kuvutwa upande mmoja hauna tena cha kushikilia unapovutwa upande mwingine.

Nyumba za mawe za mjini zilipoteza mapaa, na nyingine zilibomoka. Nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo na za mashamba hazikuwa na kinga. Merikebu za Sultani, zilizobaki kutoka enzi ya baba yake, Sayyid Said, ziliangamia. Dola ambayo uwezo wake wote juu ya Mrima, Kilwa, Mombasa na Lamu ulisimama juu ya vyombo vya baharini ilijikuta kwa siku moja haina chombo cha kupeleka askari wala amri, na kwa mwaka mzima uliofuata Barghash alijadiliana na Waingereza akiwa katika hali hiyo.

Ng'ambo ya bahari, Bagamoyo ndiyo iliyopigwa zaidi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni yao huko mwaka 1868, wakiwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, mashamba na karakana. Misheni hiyo ilikuwa imekwisha kupitia kipindupindu kilichoua watu wengi mno Unguja na pwani katika miaka ya 1869 na 1870. Tufani iliangusha karibu kila kilichojengwa. Majengo ya mawe yanayoonekana Bagamoyo hadi leo, pamoja na nyumba kubwa ya mapadri iliyoanza kujengwa mwaka 1873, ni ya kipindi kilichofuata maangamizi hayo.

Habari ya tufani iliingia bara kwa njia za misafara. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kumwacha David Livingstone Unyanyembe katikati ya Machi, alisafiri katika masika mazito. Uwanda wa Makata ulikuwa umegeuka ziwa. Alipofika Simbamwene, mji wenye ngome chini ya milima ya Uluguru karibu na Morogoro ya leo, aliukuta umebomolewa na mafuriko: ukuta wa mbele na nyumba nyingi vilikuwa vimechukuliwa na maji. Mji huo ulikuwa umejengwa na Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua aliyejipatia nguvu kwa silaha na biashara, na baada yake ulitawaliwa na binti yake. Kwa hiyo pigo la Aprili 1872 halikuishia pwani. Liliudhoofisha hata mji wa Wazigua uliokaa juu ya njia kuu ya misafara ya Bagamoyo. Stanley aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei na kuvuka kwenda Unguja siku iliyofuata, akaona mwenyewe mashamba yaliyolala chini.

Kwa upande wa Mkwaja, nguvu ya tufani yapasa ielezwe kwa kuangalia inavyozunguka. Katika nusu ya kusini ya dunia, upepo wa kimbunga huzunguka kufuata mwendo wa akrabu za saa. Tufani inapotoka mashariki na kuingia bara, mahali palipo kusini mwa kitovu hupokea upepo wa kutoka baharini, na kasi yake huongezwa na mwendo wa tufani yenyewe kwenda magharibi. Huko ndiko maji yanakosukumwa kupanda nchi kavu. Mahali palipo kaskazini mwa kitovu hupokea upepo wa kutoka bara, na mwendo wa tufani huupunguzia kasi. Mkwaja, Kipumbwi na Pangani zilikuwa upande huo wa pili. Tofauti katika njia ya kitovu ingetosha kubadili mambo: kama tufani ingeingia kupitia Pangani, Mkwaja ingekuwa upande wa kusini, ule unaopokea bahari.

Mwezi nao ulisaidia. Tarehe 15 Aprili 1872 ulikuwa katika robo yake ya kwanza, yaani siku za maji mafu. Kwenye pwani hiyo maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita nne, ilhali ya maji mafu hupanda na kushuka kwa mita moja hivi. Tufani ambayo ingefika wiki moja kabla au baada ingeikuta bahari iko juu zaidi wakati wa maji kujaa, na vijiji vya Mrima vilivyojengwa juu ya matuta ya mchanga, kama Mkwaja na Saadani, visingekuwa na nafasi ya kukwepa. Nyuma ya matuta hayo kuna majangwa ya chumvi na mikoko: mililana inayotangulia mbele kwenye mawimbi, mikoko yenye mizizi ya magongo, kisha mikandaa na michu kuelekea nchi kavu. Misitu hiyo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye makazi, na mizizi yake hushika tope ambalo vinginevyo lingechukuliwa na bahari.

Hasara iliyodumu kuliko zote ilikuwa ya mashamba. Karafuu zilikuwa zimeingia Unguja mapema katika karne ya 19 na kuenea haraka chini ya Sayyid Said, hata kisiwa kikawa muuzaji mkuu wa zao hilo duniani. Bei ilikuwa imeshuka sana kwa sababu ya wingi, na wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa kuweka shamba rehani. Tufani iliwakuta katika deni. Mche wa karafuu huchukua miaka sita hata minane kabla ya kuanza kuzaa, na zaidi ya hapo kabla ya kuzaa vizuri. Mnazi nao hauna haraka. Mwenye shamba aliyepoteza miti yake mwaka 1872 alikuwa na miaka mingi ya kulisha watu, kulipa riba na kupanda upya bila kupata chochote cha kuuza. Wako waliomudu; wengi waliona mashamba yao yakipita mikononi mwa wadai, au wakahamisha watu wao kwenda kwingine.

Kwingine huko kulikuwa Pemba. Kabla ya 1872 kisiwa hicho kilijulikana zaidi kwa mpunga na vyakula vingine, na Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani. Kilikuwa na mikarafuu, lakini kilikuwa nyuma ya Unguja. Baada ya tufani mikarafuu ya Pemba ilibaki imesimama huku ya Unguja ikiwa imeanguka, na bei ya karafuu ikapanda. Aliyekuwa na miti Pemba alitajirika. Asiyekuwa nayo alikwenda kupanda. Udongo mzito na mvua nyingi za Pemba viliufaa mti huo kuliko sehemu kubwa ya Unguja. Katika miongo iliyofuata Pemba iliipita Unguja, na hadi leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huko. Wanahistoria wa uchumi wa Zanzibar, akiwemo Abdul Sheriff, wameitazama tufani hiyo kama mojawapo ya sababu za kuhama kwa kitovu cha uzalishaji kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Uhamaji huo uliihusu Mrima ya kaskazini moja kwa moja. Mashamba ya Pemba yalilimwa na watumwa, na mashamba mapya yalidai mikono mipya. Unguja ilipata watu wake kupitia Kilwa na Bagamoyo. Pemba iko mkabala na Pangani, Tanga na vijiji vilivyo kati yake, na jahazi linaloondoka usiku kwenye upepo mzuri hufika kabla jua halijapanda. Mahitaji ya wafanyakazi yalipopanda Pemba, pwani kati ya Saadani na Tanga ikawa mlango wake.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa ikizidi kumbana Barghash. Mwanzoni mwa 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja kudai mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa tufani: mashamba ya watu wake yameteketea, wamo katika madeni, na kuwaondolea njia ya kupata wafanyakazi wakati huo ni kuwaangamiza. Hoja hiyo ilikuwa ya mtawala anayewatetea wenye mali. Watumwa waliolala chini ya makuti yaliyoanguka, na ambao ndio waliopaswa kufyeka magogo na kupanda miche upya, hawakuwa na msemaji katika mazungumzo hayo. Frere aliondoka bila saini. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alirudi kwa Sultani na tishio la kuzingira kisiwa kwa manowari, na Barghash hakuwa na meli ya kumkabili. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na baadaye mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana likawekwa mahali hapohapo.

Mkataba ulizuia kusafirisha watumwa kwa bahari. Haukuwazuia wafanyabiashara kuwatembeza kwa miguu. Misafara iliyokuwa ikipakiwa Kilwa ilianza kupanda kaskazini kwa kufuata pwani, ikipita nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo, ikivuka mto Wami, na kuendelea kupitia Saadani, Mkwaja na Pangani. Frederic Elton, afisa wa Uingereza aliyetumwa kuichunguza njia hiyo mwishoni mwa 1873, aliripoti misafara mikubwa ya watu waliodhoofika kwa njaa na kutembea. Ilipofika mkabala na Pemba, sehemu ya watu iligawanywa na kuvushwa usiku, na waliobaki waliendelea kuelekea Mombasa, Malindi na Lamu. Vijito vyenye mikoko vilivyoikinga pwani na mawimbi ndivyo vilivyowaficha wavushaji.

Mwaka 1876 Barghash alitoa matangazo ya kupiga marufuku hata misafara ya nchi kavu. Tangu 1874 Uingereza ilikuwa imeiweka bandarini Unguja manowari kuukuu iliyoitwa London, ambayo mashua zake zilizunguka Pemba na mlango wake kukamata majahazi. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo: mwezi Disemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba katika mapambano na jahazi la watumwa. Pamoja na hayo magendo yaliendelea, kwa sababu karafuu za Pemba ziliendelea kulipa.

Misafara ya mbali ilipozuiwa, macho ya wafanyabiashara yaligeukia watu wa karibu. Uzigua na Ubondei, nchi zilizo nyuma ya Mkwaja na Pangani, zilikuwa zimewahi kuuza nafaka na sandarusi pwani. Sasa watu wake walitekwa kwa hila na kwa nguvu. Ukame na njaa ya miaka ya 1884 na 1885 viliongeza msiba, maana wazazi waliokosa chakula waliwaweka watoto rehani kwa watu wa pwani wakitumaini kuwakomboa mvua ikinyesha. Wengi hawakukombolewa. Kwenye bonde la chini la mto Pangani mashamba ya miwa nayo yalikuwa yakipanuka, yakisaga sukari guru kwa soko la Arabuni, na yalihitaji watumwa wale wale. Mmoja wa wenye mashamba hayo, Abushiri bin Salim al-Harthi, aliongoza vita dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki kuanzia 1888, huku Bwana Heri akiongoza Wazigua upande wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Disemba 1889.

Itakuwa kutia chumvi kusema kwamba tufani ndiyo iliyoleta mambo hayo yote. Mahitaji ya karafuu yalikuwako kabla yake, na Wajerumani wangefika hata kama mikarafuu ya Unguja ingebaki imesimama. Lakini jiografia ya mateso hayo, yaani kwamba Pemba ndiyo iliyotawala soko la magendo na kwamba Mrima ya Pangani na Mkwaja ndiyo iliyokuwa bandari yake, inafuata kwa karibu sana njia ya upepo wa Aprili 1872. Vitabu vingi huitaja tufani kwa sentensi moja katika sura ya Barghash na kupita. Inastahili nafasi zaidi ya hiyo.

Barghash mwenyewe alijenga upya kwa bidii. Njia ya meli za posta za Kampuni ya British India ilianza kufika Unguja mwaka uleule wa 1872, na yeye baadaye alinunua meli zake za mvuke. Badala ya merikebu zilizopotea aliagiza Uingereza meli ya kivita iliyopewa jina la Glasgow, iliyokamilika mwaka 1878 na kuzamishwa na Waingereza haohao bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Mji ulipata mabomba ya maji, na mwaka 1883 jumba la Beit al-Ajaib lilikamilika.

Pwani ya Tanganyika ilikaa miaka themanini bila kupigwa tena kwa kiasi hicho. Tufani ya 15 Aprili 1952 iliingia kusini, kati ya Lindi na Mtwara, ikabomoa sehemu kubwa ya mji wa Lindi na kuharibu minazi na mikorosho. Mkwaja ilikuwa mbali mno kuathirika. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi kubwa ya ng'ombe nyuma ya kijiji, iliyofungwa mwaka 2000. Ardhi yake iliunganishwa na pori la akiba la Saadani, na mwaka 2005 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ufuko wa Madete, ambako kasa hutaga mayai, umo ndani ya hifadhi.

Ufuko huo hubadilika hata bila tufani. Mfano ulio wazi zaidi ni kisiwa cha Maziwe, mkabala na Ushongo, kilichotengwa kuwa hifadhi mwaka 1975 kikiwa na mivinje na fuko za kasa. Miaka michache baadaye miti yote ilikuwa imekwisha na kisiwa kikawa fungu la mchanga linalofunikwa na maji kujaa. Mawimbi ya kila siku, kukatwa kwa miti na kupanda kwa bahari vilitosha. Kwa wataalamu wa pwani Maziwe ni kipimo cha namna matuta ya mchanga ya Mkwaja yanavyoweza kustahimili, au kutostahimili, mawimbi ya tufani yatakayokuja siku za bamvua.

Katika miaka ya karibuni vimbunga vimeikaribia pwani ya Tanzania mara nyingi kuliko watu walivyozoea. Mwezi Aprili 2019 Kenneth kiliwafanya maelfu ya wakazi wa Mtwara wahame kwa tahadhari, kisha kikatua Cabo Delgado nchini Msumbiji. Jobo, mwezi Aprili 2021, kilielekea Mafia na Dar es Salaam lakini kikafa kabla ya kufika. Hidaya hakikufa mapema. Kilijengeka mashariki mwa pwani mwanzoni mwa Mei 2024, kikafikia nguvu ya kimbunga kamili, kikaifikia Mafia tarehe 4 Mei. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Mvua ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikabaki imetengwa kwa siku kadhaa. Kabla Mei haijaisha kimbunga kingine, Ialy, kilipita mashariki zaidi na kusogea karibu na ikweta kuliko vimbunga vingi vilivyowahi kuonekana.

Tofauti kubwa kati ya 1872 na 2024 ni taarifa. Manahodha waliongoja kusi bandarini Unguja hawakuwa na ishara nyingine zaidi ya rangi ya mawingu na wimbi refu lisilolingana na upepo uliokuwapo. Leo vimbunga vya eneo hili hufuatiliwa kwa satelaiti na kituo cha Réunion, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari siku kadhaa kabla. Kwa Mkwaja tahadhari hiyo hufika kwa redio, kwa simu na kupitia uongozi wa kijiji na vikundi vya wavuvi. Wakati wa Hidaya wavuvi wa pwani yote walitakiwa wasitoke, na vyombo vikavutwa juu ya ufuko. Ngalawa na mashua huweza kuvutwa hivyo. Majahazi makubwa huhitaji kukimbizwa kwenye vijito vya mikoko au mdomo wa mto Pangani, jambo linalodai siku nzima na maji ya kutosha. Kwa sababu hiyo saa za tahadhari huhesabiwa pamoja na saa za maji kujaa.